Radi, vumbi na flashi: Maadui wa tarakilishi ya nyumbani

MVUA ya alasiri si jambo la ajabu kwa wakazi wa Mukumu, kando ya barabara kuu inayotoka Kisumu kuelekea mjini Kakamega. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Nandi, mawingu hutanda juu ya msitu wa Kakamega, na kabla ya jioni ngurumo huanza kusikika. Eneo hilo hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huandamana na radi.

Kwa mkulima wa mahindi na majani chai, mvua hiyo ni neema. Kwa mwenye tarakilishi nyumbani, wingu jeusi linapotokea huwa limekuja na swali moja: je, plagi ya mashine imetolewa ukutani au la?

Swali hilo huonekana dogo mpaka siku jibu lake linapokuwa "la".

Tarakilishi si chombo cha anasa tena. Nchini Kenya, ripoti za ushuru huwasilishwa kupitia mfumo wa iTax, huduma za serikali hupatikana katika eCitizen, na wanafunzi wanaotafuta nafasi za vyuo vikuu au mikopo ya HELB hutuma maombi yao kwa njia ya intaneti. Mukumu, ambako misheni ya Kikatoliki imekuwepo tangu 1906 na ambako kuna hospitali na shule zinazojulikana nchini kote, haikosi walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi ambao kazi yao hukaa ndani ya mashine.

Hata hivyo, wengi huilinda mashine na kuisahau kazi iliyo ndani yake. Mashine ikiungua, nyingine yaweza kununuliwa. Alama za wanafunzi za miaka mitano, tasnifu iliyobakiza sura moja, hesabu za chama au picha za marehemu mzazi haziuzwi katika duka lolote.

Habari njema ni kwamba hitilafu nyingi za tarakilishi za nyumbani zina vyanzo vichache tu, na nyingi zaweza kuzuiwa, au hata kutatuliwa, bila kumwita fundi.

Umeme, adui wa kwanza

Si lazima radi ipige nyumba ndipo iharibu vyombo. Ikipiga nguzo au waya wa umeme ulio mbali, au hata ardhi iliyo karibu na waya huo, nguvu zake husafiri kwenye laini na kuingia katika nyumba zote zilizounganishwa. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Wimbi linalosababishwa na radi laweza kufikia maelfu ya volti kwa muda mfupi mno kuliko kufumba na kufumbua.

Fyuzi na swichi za ukutani haziwezi kulizuia wimbi la aina hiyo. Fyuzi huchelewa kukatika. Swichi ya soketi nayo ikizimwa huacha mwanya mdogo ndani yake ambao umeme wa radi unaweza kuuruka. Kinga ya hakika ni moja tu: kuichomoa plagi kabisa.

Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba umeme wa ukutani si njia pekee ya radi kuingia. Kebo ya intaneti inayotoka nje, waya wa antena ya televisheni uliounganishwa na mashine, na hata kebo ya printa iliyo kwenye soketi nyingine, zote ni njia. Hizo pia huchomolewa.

Jambo hilo lifanywe mapema, ngurumo zikiwa bado mbali. Radi ikiwa tayari inapiga juu ya nyumba, ni salama zaidi kutogusa waya wowote na kusubiri itulie. Tarakilishi yaweza kufidiwa, uhai hauwezi.

Mwenye kipakatalishi ana nafuu, kwa sababu anaweza kuchomoa chaja na kuendelea kutumia betri.

Aidha, waya wa nyongeza wenye soketi nne au tano haupaswi kuchukuliwa kuwa kinga. Mwingi wa aina hiyo hugawa umeme tu. Kifaa cha kulinda umeme, ambacho wengi hukiita gadi, kina sehemu ndani yake inayomeza volti za ziada na kuzipeleka ardhini. Sehemu hiyo huchakaa kila inapofanya kazi, kwa hivyo gadi iliyokwisha kupigwa mara kadhaa huenda ikawa inapitisha umeme bila kulinda chochote, ingawa taa yake bado inawaka.

Isitoshe, gadi haina maana katika nyumba isiyokuwa na waya wa ardhi. Plagi ya Kenya ina meno matatu, na jino refu la juu ndilo la ardhi. Tabia ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili kuchomeka plagi ya meno mawili ni ya hatari, na nyumba ambayo fundi wake aliruka waya wa ardhi ili kupunguza gharama ni ya hatari zaidi.

Stima inapopotea na kurudi

Hatari ya pili ya umeme huja bila radi. Wakenya wengi wanakumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, ambapo sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani kwa saa nyingi. Wanakumbuka pia Juni 7, 2016, ambapo tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na kuizima nchi nzima kwa saa kadhaa.

Stima inapopotea ghafla, tarakilishi ya mezani huzimika katikati ya kazi. Kama ilikuwa inaandika jambo kwenye diski kuu, faili hiyo huweza kuharibika. Kama ilikuwa ikisasisha Windows, huenda mashine ikakataa kuwaka kabisa.

Stima inaporudi, hatari haijaisha. Katika dakika za kwanza volti hupanda na kushuka huku majokofu na mota za mtaa mzima zikianza kufanya kazi kwa pamoja. Anayewasha mashine sekunde ileile ya taa kurejea huipa mashine umeme mbaya kuliko wa siku nzima. Ni vyema kuichomoa mashine stima inapopotea, na kusubiri dakika tano hadi kumi baada ya kurejea.

Kwa anayemudu, kifaa cha UPS ni msaada mkubwa. Ndani yake mna betri inayoiweka mashine hai kwa dakika chache baada ya stima kupotea. Muda huo si wa kuendelea na kazi kama kawaida. Ni wa kuhifadhi faili na kuizima mashine kwa utaratibu. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na haifai kuunganishwa na pasi, birika la umeme wala printa ya leza, kwa sababu vyombo hivyo huvuta umeme mwingi mno.

Swichi ndogo nyekundu

Tarakilishi nyingi za mezani zilizo majumbani zilinunuliwa zikiwa zimetumika ng'ambo. Zile zilizotoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120, zinahitaji kuangaliwa kabla ya kuchomekwa kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya mashine, karibu na mahali pa kuingizia waya wa umeme, baadhi huwa na swichi ndogo nyekundu yenye nambari 115 na 230. Katika Kenya inapaswa kusomeka 230. Ikiachwa kwenye 115 na mashine ichomekwe ukutani, mlio mkubwa husikika, harufu ya kuungua hutanda chumbani, na kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine huwa kimekufa.

Mashine nyingi mpya hazina swichi hiyo kwa sababu hujirekebisha zenyewe. Vivyo hivyo, chaja nyingi za vipakatalishi huandikwa kwamba zinakubali volti 100 hadi 240. Kusoma maandishi hayo huchukua nusu dakika.

Mashine inapokataa kuwaka

Mtumiaji anapobonyeza kitufe na mashine isiitike, wazo la kwanza huwa ni kwamba imeungua. Mara nyingi sivyo. Mafundi wenye uzoefu huanzia ukutani na kuelekea ndani, na mtu yeyote anaweza kufuata mpangilio huo.

Kwanza, soketi ijaribiwe kwa chombo kingine, kwa mfano taa au chaja ya simu. Pili, waya wa umeme usukumwe vizuri pande zote mbili, au ubadilishwe na mwingine. Tatu, swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme iangaliwe, maana mara nyingi huzimwa kwa bahati mbaya wakati wa kufagia.

Ikiwa mashine inanguruma na taa yake inawaka lakini skrini ni nyeusi, tatizo huenda liko kwenye skrini yenyewe au kebo inayoiunganisha. Kebo hiyo ichomolewe na kurudishwa kwa uthabiti.

Ikiwa mashine inalia kwa milio ya kufuatana na haionyeshi kitu, sababu ya kawaida ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kulegea au kuchafuka. Kwa tarakilishi ya mezani, plagi huchomolewa kwanza, kisha mtumiaji hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini mwake. Vibao vya RAM hutolewa, sehemu zake za rangi ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa kifutio safi cha penseli, na kurudishwa mpaka visikike vikinasa. Mashine nyingi zilizodhaniwa kuwa zimekufa zimefufuliwa kwa kifutio hicho.

Kwa kipakatalishi kisichoitika, chaja huondolewa, na betri pia kama inatoka. Kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa nusu dakika, kisha chaja hurudishwa na kitufe kubonyezwa tena. Hatua hiyo humaliza umeme uliobaki ndani na mara nyingi mashine huamka.

Kuna pia mashine inayowaka na kutangaza kwamba haipati mfumo wa kuiendesha. Kabla ya mtumiaji kuingiwa na hofu, aangalie kama kuna flashi iliyosahauliwa kwenye tundu lake. Huenda mashine inatafuta Windows ndani ya flashi ambayo ina nyimbo za kwaya tu.

Saa iliyorudi nyuma

Tatizo lingine huwashangaza wengi. Mashine inawaka vizuri na intaneti ipo, lakini tovuti zinakataa kufunguka zikidai kwamba si salama. Wengi hulaumu kampuni ya intaneti, ilhali jibu liko pembeni mwa skrini, kwenye saa.

Ndani ya tarakilishi mna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, aina ya CR2032 yenye volti tatu. Kazi yake ni kuitunza saa ya mashine wakati ambapo hakuna umeme. Ikichoka, saa hurudi nyuma miaka mingi kila mara mashine inapochomolewa. Tovuti salama huwa na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mashine inayoamini kwamba ni mwaka 2009 huviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika.

Kurekebisha tarehe hutatua shida kwa siku hiyo. Kubadilisha betri huimaliza, na bei yake ni ndogo. Jambo hili ni muhimu zaidi mahali kama Mukumu, ambako mwenye busara huchomoa mashine yake kila mvua inapokaribia.

Uzito, joto na chai

Mashine inayokwenda polepole haina budi kuchunguzwa kabla ya kulaaniwa. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha ni programu ipi inayomeza nguvu za mashine. Humo pia huorodheshwa programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Zisizohitajika zizuiwe.

Kivinjari chenye kurasa thelathini zilizoachwa wazi huichosha mashine yenye gigabaiti nne za RAM. Diski kuu iliyojaa pomoni huichosha vilevile, na inafaa angalau sehemu moja kati ya kumi ibaki tupu.

Aidha, kuzima na kuwasha si sawa na kuwasha upya. Katika mashine nyingi za Windows 10 na Windows 11, amri ya kuzima huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili mashine iwake haraka kesho yake, pamoja na uchovu wake. Anayetaka mashine ianze upya kwa kweli achague neno "Restart".

Mashine ya zamani ikishindwa hata baada ya hayo, kubadilisha diski kuu inayozunguka kwa diski ya kisasa isiyozunguka, iitwayo SSD, huleta tofauti kubwa kuliko badiliko lingine lolote la bei hiyo.

Joto nalo lina sehemu yake. Vumbi jekundu la barabara za murram huingia kwenye feni na kuziba njia za hewa. Mashine ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo kwa makusudi, na mwishowe hujizima. Dawa ni brashi laini na subira, mashine ikiwa imechomolewa. Kipakatalishi hakifai kuwekwa juu ya blanketi au mto, kwa kuwa kitambaa huziba matundu yake ya hewa. Na kile kitambaa kilichofumwa vizuri cha kufunikia tarakilishi ya mezani kiwekwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa. Kikiwekwa mashine ikiwa inafanya kazi, huwa ni shuka la homa.

Chai ikimwagika kwenye kibodi ya kipakatalishi, sekunde ni za thamani. Chaja ichomolewe, kitufe cha kuwashia kishikiliwe mpaka mashine izimike, betri itolewe kama inatoka, na mashine igeuzwe kifudifudi. Isianikwe juani wala karibu na jiko. Isiwashwe siku hiyo ili kuona kama imepona, kwani maji hayaui mashine peke yake. Umeme unaopita majini ndio unaoiua. Chai ya maziwa na sukari huacha utando unaonata na kula chuma, kwa hivyo hata mashine iliyokauka yafaa kufunguliwa na kusafishwa.

Flashi iliyotoka saiba

Flashi ndiyo daladala ya virusi. Hubeba kazi kutoka nyumbani hadi saiba ya kuchapishia, kisha hurudi na abiria ambao hawakulipa nauli.

Dalili inayojulikana sana ni hii: mwenye flashi anaifungua na kukuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, yaani aikoni zenye mshale mdogo. Wengi hudhani kazi imefutika, na wengine hukubali kuifuta flashi yote. Mara nyingi faili bado zipo. Virusi vimezificha tu na kuweka mitego mahali pake, na kila anayebofya mtego huviambukiza kwenye mashine yake.

Hatua ya kwanza ni kutobofya chochote. Hatua ya pili ni kuichunguza flashi kwa programu ya kupambana na virusi. Windows 10 na Windows 11 zina programu hiyo ndani yake bila malipo. Kisha dirisha la amri hufunguliwa na, kama flashi ni herufi E, mtumiaji huandika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kubonyeza kitufe cha Enter. Faili zilizofichwa huonekana tena na kuweza kunakiliwa.

Kuna virusi visivyo na huruma hiyo. Mei 12, 2017, WannaCry ilianza kusambaa na kuzifikia tarakilishi katika zaidi ya nchi 150, ikizifunga faili za watu na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia walikuwa hawajasasisha mashine zao.

Tukio hilo linaeleza kwa nini Windows isiyo halali ni mtego. Programu za kuvunja kufuli zinazopatikana bure huja zikiwa na virusi mara nyingi, na humtaka mtumiaji azime kinga kabla ya kuziweka. Ni sawa na mwizi anayeomba mbwa afungwe kwanza.

Windows iliyozeeka

Kila toleo la Windows lina mwisho wake. Windows XP iliacha kupata masasisho Aprili 8, 2014, Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafikia kikomo cha kawaida Oktoba 14, 2025, ingawa Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026.

Mashine haizimiki siku hiyo inapofika. Huendelea kufanya kazi, lakini milango mipya inayogunduliwa na wezi haizibwi tena. Mashine nyingi za zamani hazina vigezo vinavyohitajika na Windows 11, kikiwemo kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Kwa mwenye mashine kama hiyo, Linux ni njia ya halali isiyo na malipo. Programu ya LibreOffice, ambayo pia haina malipo, hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Wazungumzaji wa Kiswahili si wageni katika ulimwengu huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili.

Akiba haiozi

Ushauri wote uliotangulia waweza kufuatwa kikamilifu na bado mashine ikaibwa, ikaungua au diski yake ikafa. Diski kuu hufa. Swali huwa ni lini.

Kwa sababu hiyo wataalamu hupendekeza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila faili muhimu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya Mukumu, kanuni hiyo yaweza kutimizwa kwa njia rahisi. Nakala ya kwanza imo ndani ya tarakilishi. Ya pili imo kwenye diski ya nje ambayo huchomekwa mara moja kwa wiki na kisha kuondolewa, kwa kuwa diski inayokaa imechomekwa huungua pamoja na mashine siku ya radi. Ya tatu yaweza kuwa kwa ndugu anayeishi kwingine, au katika hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Hati za maandishi za maisha mazima zinaweza kuenea humo.

Flashi pekee haitoshi. Ni ndogo, hupotea mfukoni, hufuliwa pamoja na suruali, na huweza kufa bila kuugua.

Nakala isiyojaribiwa nayo si nakala. Mara moja baada ya miezi michache, faili mbili au tatu zifunguliwe kutoka kwenye akiba ili kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Anayefuta faili kwa makosa aanzie kwenye pipa la taka la mashine. Kama haimo, jambo la muhimu ni kuacha kuitumia diski hiyo papo hapo. Katika diski inayozunguka, faili iliyofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski za SSD matumaini ni madogo zaidi. Na diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga izimwe mara moja, maana kila dakika ya kuilazimisha hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Fundi mwaminifu ni hazina. Hata hivyo, tarakilishi inapoondoka nyumbani huondoka na barua, picha na nywila za mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki juu ya habari zake binafsi, lakini tahadhari ni rahisi kuliko kesi.

Kama mashine bado inawaka, nakala zitolewe kwanza, na mwenyewe aondoke kwenye akaunti za barua pepe na benki. Nambari ya utambulisho ya mashine iandikwe, pamoja na ukubwa wa RAM na wa diski, ili irudi ilivyokwenda. Gharama ikubaliwe kabla ya kazi kuanza, na kifaa kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe. Fundi akisema lazima aweke Windows upya, aulizwe kwanza faili zitakuwa wapi.

Anayeuza tarakilishi ya zamani akumbuke pia kwamba kufuta faili hakuzimalizi. Diski isafishwe kabisa kwa programu maalumu, au itolewe na kubaki nyumbani.

Hakuna hata moja kati ya tahadhari hizi inayohitaji shahada. Zinahitaji mazoea, kama yale ya kuanua nguo na kuingiza kuni mawingu yanapotanda upande wa Nandi. Mwenye nyumba anayetoka nje kuanua nguo apitie kwanza mezani, ahifadhi kazi yake, azime mashine na achomoe plagi. Mvua ikiisha, kila kitu kitakuwa pale alipokiacha.